Jina Lililoshinda Ndilo Litangazwe: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu na Wasimamizi wa Uchaguzi

Waheshimiwa,

Salamu zangu ziwafikie. Ninayo karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la mazoezi, imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kutoboka. Juu kuna majina matatu. Chini ya kila jina kuna vijiti vya kalamu, vinne vinne vimesimama na cha tano kimevikata kwa mshazari. Jina la kwanza lina vijiti 96, la pili 71, la tatu 39. Pembeni, kwa wino mwekundu, nimeandika 8: kura zilizoharibika. Jumla yake 214, sawasawa na idadi ya karatasi tulizogawa asubuhi ile. Hesabu ilikubali mara ya kwanza, na aliyewahi kuhesabu kura atawaambia kwamba hilo halitokei kila siku.

Ulikuwa uchaguzi wa kiranja mkuu. Kesho yake, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari, akatangazwa yule wa kura 71.

Aliyehesabu ni mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, karatasi iko mfukoni, nikanyamaza. Basi msiisome barua hii kama ya mtu aliyetakata anayewanyooshea wengine kidole. Mimi ni mwalimu wa uraia. Nafundisha uchaguzi kila mwaka, na siku niliyopata nafasi ya kuufundisha kwa vitendo, nilifundisha kinyume chake.

Nataka mjue jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi. Hakuna aliyeiba sanduku. Hakuna aliyegusa tarakimu. Chumba cha walimu kilikaa dakika kama kumi hivi, mmoja akasema yule binti ana mdomo, mwingine akasema atatusumbua, wa tatu akasema "hata nusu hakufikisha", kengele ikagongwa, kila mtu akachukua chaki yake akaenda. Binti mwenyewe aliahidi kitu kimoja tu katika kampeni zake: kuomba maktaba isifungwe wakati wa mapumziko ya mchana. Mdomo wenyewe ndio huo.

Hilo la "hata nusu hakufikisha" limenikaa kichwani kuliko mengine, kwa sababu ni kweli. Kura halali zilikuwa 206, nusu yake 103, naye alipata 96. Ziko nchi ambako kwa kura hizo angelazimika kurudi kwa wapiga kura: Ufaransa, mgombea urais asipovuka nusu katika duru ya kwanza, wawili wa juu hurudiana. Ziko nchi ambako angelala mbunge usiku uleule: Uingereza, anayewazidi wenzake jimboni, hata kwa kura moja, amepita, awe amefikisha nusu au la. Kanuni zote mbili zina watetezi wake na zote zinafaa kufundishwa. Lakini tangazo letu, lenye muhuri, lilibandikwa mlangoni wiki mbili kabla, nalo lilisema mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Kanuni ya nusu ilizaliwa baada ya kura kuhesabiwa. Na hata tungeikubali, ingetupeleka kwenye marudio kati ya wawili wa juu. Sijui kanuni yoyote inayompandisha wa pili moja kwa moja kwa sababu tu wa kwanza hakufika nusu. Mtoto wa miaka kumi na mitano analiona hilo bila kuambiwa.

Na waliliona. Wiki iliyofuata, mada kwenye azimio la kazi ilikuwa "Umuhimu wa kupiga kura". Sikuipanga mimi, ilikuwa imekaa pale tangu mwanzo wa mwaka. Nikaandika ubaoni, wakanakili. Nikatoa zoezi: taja sababu tano zinazoonyesha umuhimu wa kupiga kura. Wakazitaja. Ni haki ya raia, ni wajibu wa raia, huleta viongozi bora, hukuza demokrasia, hudumisha amani. Nikasahihisha madaftari hamsini na kitu, wote tano kwa tano. Daftari moja tu lilikuwa na nyongeza chini ya jibu la mwisho, kwa penseli, herufi ndogo: "Mwalimu, sasa ile tulihesabu ya nini?"

Nikaweka vema na hapo. Sikuwa na kingine cha kuandika.

Waheshimiwa, mnatumia fedha nyingi kwenye sura za vitabu, mabango na semina za elimu ya mpiga kura, na kila uchaguzi mkuu ukikaribia tunaletewa vipeperushi vipya vya kuwahimiza vijana. Sina ugomvi na vipeperushi. Ila kijana anayeletewa kipeperushi akiwa na miaka kumi na minane ameshapiga kura mara nyingi maishani mwake: ya kiranja wa darasa, ya kiranja wa bweni, ya mwenyekiti wa klabu, ya baraza la wanafunzi. Tayari anajua matokeo hupatikana wapi. Kama amejua kwamba hupatikana chumba cha walimu, kipeperushi kimechelewa.

Tazameni kwanza namna tunavyopiga kura zenyewe. Kiranja wa darasa huchaguliwa kwa kunyoosha mikono, mwalimu amesimama mbele, na wagombea wamesimama ubaoni wakiwatazama wenzao machoni. Siku moja simameni pembeni mwa darasa mwangalie mikono. Ya mbele hupanda kwanza. Ya katikati husubiri ione ya mbele. Wa dawati la nyuma kabisa, aliye karibu na yule mvulana ambaye kila mtu anamwogopa, hunyoosha nusu mkono, kiwiko kikiwa bado mezani, ili akiulizwa baadaye aweze kusema alikuwa anajikuna. Sitanii, nimewaona.

Watu wazima nao walipita huko. Sehemu nyingi za dunia mtu alitaja chaguo lake kwa sauti, mbele ya mwenye nyumba wake na mwajiri wake, mpaka makoloni ya Australia, Victoria na South Australia, yalipoanza mwaka 1856 kutumia karatasi iliyochapishwa na serikali na kujazwa faraghani. Uingereza ilifuata mwaka 1872. Na kurudi nyuma kunawezekana: Kenya, mwaka 1988, chama tawala cha KANU kiliteua wagombea wake kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao mchana kweupe, na hadi leo neno "mlolongo" lina ladha chungu kwa waliokuwapo. Kila ninaposikia mwalimu akisema "wanaomtaka fulani wanyooshe", huo mlolongo ndio ninaouona.

Siri haihitaji gharama. Gambia, tangu miaka ya 1960, watu wamepiga kura kwa gololi. Mpiga kura anapewa gololi moja, anaingia faraghani, anakuta mapipa ya chuma yaliyopakwa rangi za wagombea, anaitumbukiza kwenye bomba la pipa analolitaka. Ndani kuna kengele, gololi ikishuka inailiza mara moja. Ikilia mara mbili, waliokaa nje wanajua mtu amejiongezea. Hata uchaguzi wa rais wa 2021 ulifanyika hivyo. Darasa langu lilitengeneza ya kwao kwa makopo mawili ya rangi na kengele ya baiskeli mbovu, wakatumia mchana mzima wakijaribu kudanganya mtambo huo. Mmoja akagundua kwamba ukiishusha gololi taratibu kwa uzi, kengele hailii kabisa. Walicheka sana. Kisha wakabishana nusu saa nzima juu ya namna ya kuziba mwanya huo, na mimi nikakaa kimya kwenye kiti changu, maana kilichokuwa kikifanyika pale hakimo katika kitabu chochote nilichopewa nifundishie.

Mwaka uliofuata nilipewa tena kazi ya kusimamia uchaguzi wa kiranja mkuu, safari hii chini ya mkuu mwingine wa shule. Kabla ya kukubali nilimwomba jambo moja. Nilimwambia, mzee, kama kuna mwanafunzi ambaye shule haitakubali awe kiranja, tumseme leo, kwa sababu iliyoandikwa, naye apewe nafasi ya kujitetea. Tusiweke kwenye karatasi jina ambalo hatutathubutu kulitangaza. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na akishinda mkorofi?" Nikamwambia mkorofi tutakuwa tumeshamwondoa kabla, kwa kigezo kinachojulikana, au tutakuwa tumekubali kwamba si mkorofi kiasi hicho. Akakubali. Nadhani alikubali zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa fomu kuliko kwa sababu ya hoja yangu.

Wakabaki wagombea wawili. Tukagawa kazi kwa wanafunzi wenyewe: makarani wa daftari, msimamizi wa kituo, mawakala wa kila mgombea, mlinzi wa sanduku. Kila karatasi ikapigwa muhuri nyuma kabla ya kukabidhiwa mpiga kura. Baadhi ya walimu waliona muhuri ni mbwembwe. Jioni sanduku likafunguliwa mezani, mbele ya macho ya wote, na kabla ya kutazama nani kapata nini, wakahesabu idadi ya karatasi peke yake. Zikatoka 191. Wakahesabu majina yaliyowekewa alama daftarini. 179.

Sijawahi kuona watoto wakinyamaza vile. Karatasi 12 zaidi. Wakala mmoja akaanza kupiga kelele kwamba uchaguzi ufutwe, mwenzake akamjibu, na msimamizi wa kituo, msichana mdogo kwa umbo mwenye miwani, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Zigeuzeni." Wakazigeuza moja moja. Kumi na mbili zilikuwa hazina muhuri, na nyingi kati yake zilikuwa bado zimekunjwa pamoja kama zilivyotumbukizwa. Zikatengwa, zikaandikwa kwenye fomu, mawakala wote wawili wakatia saini kwamba wameziona. Aliyeziingiza hatukumjua hadi leo. Wala si ujanja mpya. Kule Athens ya kale, walikokuwa wakiandika kwenye vigae jina la mtu wanayetaka afukuzwe mjini, wachimbaji walikuta kisimani karibu na Akropoli vigae vipatavyo 190 vyenye jina la Themistocles, na mwandiko ni wa watu wachache tu, kumi na wanne hivi. Mtu aliandaa kura za wenzake miaka elfu mbili na mia tano iliyopita.

Hesabu ya kwanza ikatoa 88 kwa 85, na 6 zilizoharibika. Yule wa 85 akaomba zirudiwe. Baadhi ya walimu walikuwa wanaangalia saa. Nikasema kanuni inamruhusu, zirudiwe. Katikati ya marudio ikaonekana kura yake moja ilikuwa imechanganywa kwenye fungu la mwenzake. Ikawa 87 kwa 86. Kashindwa kwa kura moja. Akasimama pale kwenye kona ya meza, akazipitia karatasi za mwenzake tena kwa kidole, akaitia saini fomu, akasema, "Sasa nimeona." Akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya darasa analia. Sikumwambia kitu, nilikaa naye tu. Lakini hakusema ameibiwa, wala rafiki zake hawakusema, na wiki ile shule nzima ilikuwa na mshindi mmoja.

Linganisheni na mwaka uliotangulia. Yule binti wa kura 96 hakulia. Alicheka, na kuanzia siku hiyo hakunyoosha tena mkono katika kipindi changu.

Mtaniambia sasa kwamba haya ni mambo ya utaratibu, na mtaala unasisitiza umuhimu. Hapo ndipo tunapopishana. Umuhimu wa kura haukai peke yake hewani ukisubiri kukaririwa. Unaonekana pale mtoto anaposhika karatasi mkononi akiwa na madaraka ya kuamua iende fungu gani. Kuna kipindi huwa nawapa karatasi tisa tu, nimezijaza mwenyewe. Kwenye moja vema imetoka nje ya kisanduku lakini iko jirani na picha ya mgombea. Kwenye nyingine pamechorwa moyo badala ya vema. Nyingine mpiga kura katia saini yake chini. Nyingine ina vema mbili, na moja kati ya hizo imekatwa mstari. Nawaambia: amueni, halali au imeharibika, na andikeni kwa nini.

Ya moyo huwa inapita, karibu kila mwaka. Ya saini huleta vita, mpaka mmoja akumbuke kwamba karatasi yenye jina inaweza kuwa ushahidi kwa aliyeinunua kura hiyo. Hiyo yenye vema mbili ndiyo ninayoiacha mwisho, kwa sababu ina kisa cha kweli. Mwaka 2017, katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Virginia huko Marekani, karatasi moja ilikuwa imejazwa alama kwa wagombea wote wawili, na kwa mmoja pakapigwa mstari. Awali haikuhesabiwa. Jopo la majaji watatu likaamua ihesabiwe. Ikaleta sare: 11,608 kwa 11,608. Januari 4, 2018 wakaweka majina mawili ndani ya bakuli, likachomolewa moja, na kiti hicho kikakipa chama kimoja wingi wa viti 51 kwa 49. Darasa zima huwa linamfikiria huyo mtu aliyekosea, akakata mstari badala ya kuomba karatasi nyingine, akaenda zake nyumbani. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mtu huyo mwenyewe anajua. Nikamjibu kwamba kura ni siri.

Na nyumbani kwenye Kiswahili tunacho chetu. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961: chama cha Afro-Shirazi viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) viti 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) viti 3, na kiti cha Chake-Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Hakuna chama kilichoweza kuunda serikali imara, wakalazimika kurudia mwezi Juni mwaka huohuo, na siku za uchaguzi huo damu ikamwagika. Vijana wanaosoma hilo hawaulizi tena kura moja ina uzito gani. Huuliza mambo magumu zaidi.

Lakini niseme ukweli, na nawaomba nanyi muuruhusu usemwe darasani: kura moja huamua mara chache sana. Wanafunzi wanajua hesabu. Ukiwaambia kila uchaguzi kwamba "kura yako ndiyo itakayoamua", na mshindi akapita kwa maelfu, umejiharibia mwenyewe. Msichana mmoja aliniuliza hivyo hivyo, bila adabu mbaya: kama wangempigia watu elfu ishirini bila mimi, mimi ningefanya nini pale? Sikuwa na jibu zuri mpaka kampeni za viranja zilipokuja. Wagombea walizunguka madarasa yote isipokuwa moja. Darasa hilo mwaka uliotangulia karibu nusu walikataa kupiga kura, na habari hiyo ilikuwa inajulikana. Hakuna mgombea aliyepoteza mapumziko yake kwenda kule. Dirisha lao lililovunjika halikutajwa kwenye ahadi ya mtu yeyote. Nilimpeleka yule msichana mlangoni pa darasa hilo, nikamwambia ahesabu mabango ya kampeni ukutani. Hapakuwa na hata moja. Hatukuhitaji kuongea zaidi.

Sasa nije kwenye ninayoomba, maana barua ya wazi isiyo na ombi ni malalamiko tu.

Kubwa kuliko yote ni waraka mmoja, mfupi. Useme kwamba pale ambapo shule imeamua kuwapigisha wanafunzi kura, matokeo yaliyohesabiwa ndiyo yanayotangazwa, na kwamba mchujo wowote ufanyike kabla, kwa vigezo vilivyobandikwa na sababu iliyoandikwa. Usiwalazimishe wakuu wa shule kuchagua viranja kwa kura. Mkuu anayetaka kuteua, ateue, na aseme anateua. Uteuzi si dhambi. Jeshi huteua, hospitali huteua. Kinachowaharibu watoto ni kuwafanyisha uchaguzi kisha kuteua chini ya jina la uchaguzi. Ombi hili halina gharama yoyote isipokuwa ya aibu, na ndiyo maana naogopa kwamba litacheleweshwa.

Kwenu wasimamizi wa uchaguzi: kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, masanduku yenu angavu, vituturi na taa zake hukaa ghalani kwa miaka. Tuazimeni. Tuletewe na mtu mmoja anayejua kujaza fomu ya matokeo, aje na fomu halisi. Mtoto aliyeona lakiri ikikatwa na namba yake ikisomwa kwa sauti huelewa mlolongo wote wa ulinzi wa kura kwa dakika tano, wakati mimi kwa chaki nahitaji vipindi viwili na bado wanasinzia. Na mnapokuja, njooni na daftari la kuandikisha. Austria wanapiga kura wakiwa na miaka 16 tangu 2007, Brazili tangu katiba ya 1988, Ajentina tangu 2012. Hata pale ambapo umri ni 18, madarasa ya juu ya sekondari yana wapiga kura waliokwishafikisha umri wakiwa bado na sare, na siku ya kuandikisha wanakuwa kwenye mtihani.

Kwa watunga mitihani nina neno dogo. Swali la "taja sababu tano" liacheni. Wekeni fomu ya matokeo yenye kosa la kujumlisha, muulize kosa liko wapi na nani alipaswa kuliona.

Najua woga wenu: siasa shuleni. Naujua kwa sababu mzazi mmoja aliwahi kunifuata akiuliza kama nawaandaa watoto kwa ajili ya chama fulani, na mkuu wangu akaniita. Nikampa mzazi huyo zile karatasi tisa. Akakaa ofisini akizijadili na mkuu wa shule, na hawakukubaliana kuhusu ile ya moyo. Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi yangu. Uswidi na Norwei, wanafunzi hupiga kura za mfano wakichagua vyama halisi wakati wa uchaguzi mkuu. Ujerumani wana mpango wa namna hiyo tangu 1999, na Kanada tangu 2003, wenye karatasi zinazofanana na za watu wazima. Mimi siwaombi mfike huko. Vyama tunaweza kuviacha nje ya geti kabisa. Muhuri, daftari, wakala, marudio ya hesabu na fomu yenye saini havina chama. Ila tunaomba sentensi moja kwenye waraka huo inayosema mwalimu anayefundisha utaratibu wa uchaguzi kwa vitendo anatekeleza mtaala. Wenzangu wengi wangefanya haya kesho, kinachowazuia ni kutojua nani atawatetea siku wakiitwa.

Yule binti wa kura 96 alimaliza shule. Miezi michache baadaye nilikutana naye njiani, tukasalimiana vizuri, akanishikia hata begi. Nikamwambia ninayo karatasi. Akauliza karatasi ipi. Nikamwambia ya hesabu, ina vijiti vyake 96. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, si uitupe tu?" kisha akaniuliza kama maktaba siku hizi inafunguliwa mchana.

Inafunguliwa. Aliyeiomba ni yule kijana aliyeshinda 87 kwa 86, ilikuwa ahadi yake ya tatu, na sina hakika kama alijua imetoka kwa nani.

Muhula ujao tunachagua tena. Wagombea wameshachukua fomu, muhuri upo, sanduku letu ni boksi la karatasi za kuchapishia lililobandikwa gundi pande zote. Mkuu wa shule amehamishwa na mwingine hajaripoti. Ningeshukuru kupata jibu lenu kabla ya wiki ya kampeni, ili nijue nitawaambia nini wanafunzi kuhusu siku ya matokeo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa somo la uraia